Bango la Mpingo

Newala,
3 Januari 1957

Kaka Cuthbert,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi Mama Julia hamjambo, na mwanangu Ethel hawasumbui hapo kwenu. Sisi huku wazima. Mvua zimeanza, kwa hiyo walau mwezi huu hatushuki bondeni kufuata maji, na mgongo wangu unashukuru.

Marko amenituma nikuandikie. Unamjua shemeji yako, kalamu kwake ni nzito kuliko tezo, na jambo hili hataki lipite mdomoni mwa dereva wa lori. Ni habari ya lile bango alilomchongea Karsan, mwenye duka la vitambaa hapo Masasi. Juma lililopita alilipeleka akalitundika mwenyewe juu ya baraza, kwa msaada wa vijana wa duka. Lakini alilitundika kwa muda tu, kwa boliti mbili, maana nyingine nne zilikuwa hazijafika kutoka Lindi. Alimwambia Karsan asifunge taa za umeme juu yake mpaka boliti zote sita zipite ukutani na kukazwa kwa ndani. Karsan aliitikia, ila Marko anasema alikuwa akiitikia huku anapima kitambaa.

La pili ndilo kubwa. Bango lile ni mpingo mtupu. Karsan alitaka rangi ya njano, basi limepakwa lote, mbele na nyuma, na mtu akilitazama atadhani ni mninga au ubao wa sanduku. Wanaume wanne ndio waliolipandisha kwenye lori, nao walilalamika. Nilimuuliza Marko kwa nini hakuchonga mti mwepesi. Akanijibu kwamba Mmakonde hachongi jina la mtu kwenye mti unaooza. Nikaliachia hapo, maana kwa habari ya mpingo huwezi kubishana naye.

Wewe ndiye karani wa ofisi ya mji, na mabango yote yanapita kwako. Marko anakuomba usilipitishe kabla ya hizo boliti sita, na kwanza ulipime uzito. Anasema chini yake anakaa fundi cherehani mmoja, Bwanali, na kwamba mtu yule hajui kilicho juu ya kichwa chake.

Mbusu Ethel kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Lois


Masasi,
9 Januari 1957

Mama Ethel mpendwa,

Marahaba, na salamu tele. Barua yako ya tarehe tatu nimeipata, nikaisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka peke yangu ofisini. Mpingo! Yaani shemeji amechukua mti wa kuchongea fimbo za wazee akaandika juu yake "Karsan na Wanawe, Vitambaa vya Kila Namna"? Mwambie siku nikifa asinichongee msalaba. Siku ya ufufuo nitashindwa kuuinua.

Msiwe na wasiwasi. Kanuni za mabango ziko mezani kwangu, nimezitafsiri mimi mwenyewe kutoka Kiingereza, na nazijua kama Baba Yetu. Bango lisiwe chini ya futi nane kutoka ardhini. Likiwa juu ya njia ya watu lisizidi ratili arobaini. Lifungwe kwa boliti zinazotoboa ukuta, si kwa misumari. Likiwa na umeme, nyaya zipite ndani ya bomba la chuma, na swichi ya kuzimia iwe nje ya duka, mahali mkono wa mtu mzima unapofika. Bila cheti chenye saini yangu hakuna globu itakayowaka katika mji huu, hata iwe ya tajiri gani.

Hilo la mpingo nimelielewa, na boliti sita nitazihesabu kwa kidole. Niachieni mimi.

Ethel amekuwa wa tatu katika darasa lake, na sasa anamsahihisha Mama Julia Kiingereza chake. Mtoto huyu ni wa ukoo wetu kabisa.

Kaka yako,
Cuthbert


Masasi,
2 Februari 1957

Lois,

Leo sina nafasi ya salamu. Jana saa kumi jioni bango la Karsan lilianguka. Mvua ilikuwa inanyesha na mbingu imeziba, Karsan akawasha injini yake ya umeme mapema ili taa zionekane. Bango likamwangukia Fundi Bwanali akiwa kwenye cherehani yake. Watu walikimbia kumwokoa, wakalishika, umeme ukawatupa mmoja mmoja. Swichi ilikuwa ndani ya duka nyuma ya marobota, na mlango umejaa watu waliojikinga mvua. Hata injini ilipozimwa, Bwanali alikuwa amekwisha kufa. Tumemzika leo asubuhi. Mkewe, Somoe, hana sauti tena ya kulia.

Polisi wanamtafuta aliyechonga bango na kulitundika. Watafika huko siku mbili tatu zijazo. Mwambie Marko aende nao bila ubishi, na akiulizwa ajibu kwa ufupi. Na wewe usianze kumtajia mtu yeyote mambo ya barua. Maneno mengi yatamharibia. Nitakuwa karibu naye.

Kaka yako,
Cuthbert


Newala,
7 Februari 1957

Kaka Cuthbert,

Shikamoo. Walimchukua Jumanne, akiwa amekaa uani ananoa tezo. Hakubishana nao. Aliwauliza jambo moja tu, Bwanali ameacha watoto wangapi, na askari hawakujua.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea, na kuna kitu hujaniambia. Zilikuwapo boliti ngapi? Nani aliyemruhusu Karsan awashe taa? Wewe ulisema bila saini yako hakuna globu itakayowaka. Najiambia labda Karsan alikupita kinyemela, matajiri ndivyo walivyo.

Lakini Mungu si Athumani, ile barua yangu ya tarehe tatu unayo. Ipeleke kwa hakimu, kaka. Imeandikwa humo kila kitu: boliti, mpingo, hata jina la marehemu. Akiisoma ataona kwamba Marko alionya mwezi mzima kabla, na kwamba alipeleka onyo lake palepale panapotakiwa. Fanya haraka. Naogopa sana, na sina mtu mwingine wa kumwendea.

Mdogo wako,
Lois


Masasi,
12 Februari 1957

Mama Ethel mpendwa,

Marahaba. Marko nimemwona rumande, hajambo, na Mama Julia anampelekea ugali kila siku. Anakusalimu.

Kuhusu barua unayoitaja, nimeitafuta na sikuiona. Kwa kweli sina hakika kama ilinifikia. Mifuko ya posta inalowa sana njiani, na mchwa wa ofisi yetu hawachagui karatasi. Pengine uliandika ukasahau kuipeleka posta, jambo ambalo si ajabu kwa mama mwenye kazi nyingi.

Karsan ameleta wakili kutoka Lindi. Wakili anasema mteja wake alimwamini fundi, na mti mzito ulikuwa uamuzi wa fundi peke yake. Mtu kama huyo huwezi kushindana naye. Ushauri wangu ni kwamba Marko akiri kosa na aombe huruma. Hakimu ni mtu mpole, atampa miezi michache, na jambo litakwisha.

Usiku na mchana nawaombea.

Kaka yako,
Cuthbert


Newala,
17 Februari 1957

Kaka,

Shikamoo yako nimeiweka kando, nitakupa utakaponijibu kama mtu.

Barua unayosema haikukufikia uliijibu. Jibu lako ninalo hapa mapajani, Masasi, tarehe tisa Januari, kwa mwandiko wako uliotufundisha sote nyumbani. "Barua yako ya tarehe tatu nimeipata." Hayo ni maneno yako. "Hilo la mpingo nimelielewa." Hayo pia ni yako. Umesahau hata mzaha wako wa msalaba? Nilipomsomea Marko alicheka mpaka akaweka tezo chini, akasema shemeji ana maneno.

Mimi nilisahau kupeleka barua posta, si ndiyo? Mama mwenye kazi nyingi. Umenifanya mjinga ili mume wangu afungwe vizuri.

Nakuuliza swali moja na usilizunguke. Ulilipima bango lile?

Lois


Masasi,
20 Februari 1957

Lois, mdogo wangu,

Sikulipima.

Nitakuambia yote, maana nimechoka kuyabeba. Jumatatu ya tarehe ishirini na moja Januari tulitegemea mgeni mkubwa wa serikali, na Bwana wa ofisi yetu alitaka mgeni aone taa za umeme zikiwaka Masasi. Ijumaa iliyotangulia Karsan akaja na fomu ya cheti. Mizani pekee inayofaa ni ile ya korosho, nayo ilikuwa ghalani, na mwenye ufunguo amekwenda Tandahimba. Nikaenda dukani. Nikasimama chini na mwavuli wangu, nikahesabu vichwa vya boliti kwa macho. Niliona sita, lakini vinne vilikuwa vidogo kuliko viwili, na vyote vimepakwa njano. Nilijua ni misumari, Lois. Nilijua, nikajiambia ni boliti. Swichi niliambiwa itahamishwa kesho yake. Nikaandika ratili thelathini na nane, nikatia saini. Nikasema mgeni akiondoka nitarudi na ngazi. Mgeni akaondoka, nikashikwa na homa siku tatu, kisha mvua, kisha kesho, na kesho yake.

Bwanali alinipa kiti siku ile. Alifuta vumbi akaniambia karani keti. Nilikataa kwa sababu nilikuwa na haraka.

Sasa nisikilize. Nikisema haya mahakamani, nitafungwa na kazi imekwisha. Mimi ndiye mwenye mbumba, msimamizi wa ukoo wa mama yetu. Ninyi dada zangu watatu na watoto wenu wote mko mgongoni mwangu, ndivyo mama alivyoniachia. Ethel anasoma kwa jina langu na analala kwangu. Mume, awe mwema namna gani, ni mgeni katika ukoo wa mkewe. Anakuja, anaondoka. Mjomba ndiye mwenye watoto, na hilo hata Marko analijua, kwao ni hivyo hivyo. Ukinibomoa mimi umeibomoa nyumba yote.

Ichome ile barua. Na hii pia. Nakupigia magoti, mimi niliyekubeba mgongoni.

Cuthbert


Newala,
1 Machi 1957

Kaka,

Jumatatu nilikuwa Masasi. Hukujua, kwa kuwa nililala Lisekese kwa Mama Agnes, si kwako. Nilipita mbele yako nimejifunika kanga. Ulikuwa juu ya ngazi kwenye duka la mtu mwingine, unapima bango lake kwa futi, na kijasho kinakutoka. Siku hizi unapanda ngazi.

Niliwaomba askari, wakaniacha nikae na Marko rumande. Nilimsomea barua zako mbili kwa sauti ya chini, ya Januari na hii ya mwisho. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza, "Shemeji akifungwa, watoto watakuwa wa nani?"

Nikamwambia watakuwa wake.

Akatikisa kichwa. "Mama Ethel, mimi nilikuja kwenu na tezo na mkeka. Baba ni mtu wa kupita. Mtoto asiye na mjomba atasimamiwa na nani siku ya kuolewa? Siku ya msiba atakaa upande gani? Bango nilichonga mimi, na mti niliuchagua mimi. Barua hizo usizitoe."

Nikabishana naye mpaka askari akagonga mlango. Marko alikuwa analia, kaka, na tangu anioe sijapata kumwona akilia. Akanishika mikono akataka niape. Nikaapa. Nilipofika nje nilijuta, lakini kiapo kimekwisha toka.

Sikuzichoma. Kiapo changu ni kutozitoa tu.

Lakini wewe hukuapa kitu. Kesi ni Jumatatu tarehe nne. Hakimu atakuita, kwa sababu cheti kina saini yako. Ukisimama ukasema kweli, mimi sikuvunja neno na Marko hakuvunja neno. Sikutishi, sina cha kukutishia tena. Nakuomba. Barua hii nampa dereva wa lori leo hii, na nimemsihi akupe mkononi.

Shikamoo, kaka. Tafadhali.

Lois


Masasi,
5 Machi 1957

Lois,

Miaka miwili. Wamempeleka Lindi leo asubuhi.

Barua yako ilinifikia Jumapili, na nilikwenda mahakamani nikiwa nimeamua. Nakuapia nilikuwa nimeamua. Hakimu akaniuliza, "Karani, bango hili ulilipima kabla ya kutoa cheti?" Nikasikia sauti yangu inasema, "Ndiyo, Bwana." Wakili wa Karsan akatabasamu na kuandika. Marko aliinua kichwa akanitazama. Hakuwa na hasira. Aliniinamia kidogo, kama mtu anayemwitikia mkubwa wake.

Alipoulizwa yeye, akasema kosa ni lake, alichonga bango zito mno. Hakuongeza neno.

Somoe alikuwa ameketi chini na watoto wake wanne. Hukumu iliposomwa aliuliza kwa sauti, "Basi ni mti tu uliomwua mume wangu?" Hakimu akaita kesi nyingine. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote.



Cuthbert


Masasi,
16 Machi 1957

Mdogo wangu Lois,

Hujanijibu, na sikulaumu. Siku kumi sikulala wala kula. Mama Julia alidhani ni homa ile ile.

Jana nilikwenda kwa Bwana wa ofisi nikamwambia yote. Mizani, misumari, saini, na uongo wangu mbele ya hakimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kufunga mlango. Akasema faili limefungwa na mshitakiwa amekiri mwenyewe. Akasema cheti kimoja kikiwa kibovu, watu watasema vyeti vyote vya ofisi ni vibovu, na yule mgeni mkubwa alisimama chini ya taa zile zile. Akaniambia niende nyumbani nikapumzike, na nisirudie maneno hayo kwa mtu. Kisha akanipa kazi mpya. Nitayashusha mabango yote ya mji, niyapime moja moja, na lisilofaa lisirudi ukutani.

Nitakuwa mkweli kwako, maana sina mwingine. Nilipotoka pale mlangoni miguu yangu ilikuwa myepesi. Nililala usiku kucha. Nilijaribu, Lois, na Mungu ameona kwamba nilijaribu.

Sasa kilichobaki ni kuwatunza. Hama Newala uje huku na watoto wote. Nitawalea kama wangu mpaka Marko atakapotoka, na Ethel hatakosa kitu. Mtoto akililia wembe mpe, lakini huyu analilia vitabu, basi atavipata vyote. Nisamehe, ukiweza.

Kaka yako,
Cuthbert


Newala,
22 Machi 1957

Cuthbert,

Barua zako mbili zimenifikia siku moja, kwa kuwa barabara ilikatika. Habari ya Marko niliijua kabla ya barua zako, dereva wa lori aliniambia.

Unasema ulijaribu. Ukweli ulimwambia mtu mmoja katika chumba kilichofungwa mlango. Uongo uliusema mbele ya watu wote, mbele ya Somoe na watoto wake, mbele ya mume wangu. Halafu miguu ikawa myepesi. Mimi yangu haijawa myepesi, na ya Marko imefungwa.

Marko alinikataza kwa ajili ya mjomba wa watoto wake. Nimekaa siku tatu na neno hilo, nikilipika na kulipakua, sipati kulimeza. Jana nikawaita dada zetu wote wawili. Nikawaambia mbele ya wazee wa hapa kwamba kuanzia siku hiyo wanangu hawana mjomba. Walilia. Walisema haijapata kutokea mwanamke kumvua kaka yake watoto, na kwamba nitalaaniwa. Mzee mmoja aliinuka akaondoka. Nikasema imetokea, na laana itanikuta nyumbani.

Basi mtu niliyeapa kumlinda hayupo tena. Barua yako ya Januari, ile ya mwisho ya Februari, na hizi mbili za Machi nimempa Padri Gervas, naye anakwenda nazo Lindi kesho. Rufaa ina siku thelathini, na leo ni ya kumi na nane. Amenionya nisitumaini sana, kwa sababu Marko alikiri kwa mdomo wake. Nimemjibu kwamba zisomwe tu kwa sauti, mbele ya watu, na Somoe awepo.

Marko atanikasirikia. Huenda siku akitoka asinitazame usoni, na mkeka wake akauchukua akaenda. Nimelifikiria hilo pia, limeniuma kuliko yote, na barua nimezitoa.

Jumamosi ya tarehe thelathini nitakuja kumchukua Ethel. Mama Julia amfungie nguo zake na vitabu vyake, vile vya kwako vibaki huko. Nitamngoja barabarani, sitaingia ndani. Usimweleze kitu. Nitamweleza mwenyewe njiani, na akiniuliza yeye sasa ni wa nani, nitamwambia ni wa Marko.

Lois,
mke wa Marko